Kiti cha Nyuma

Pikipiki niliikuta kwenye gereji ya chini ya jengo letu kule Märsta, Uswidi, imefunikwa turubai la kijani, matairi yote mawili yameisha upepo. Ilikuwa mali ya mzee mmoja Mswidi wa ghorofa ya tatu. Siku moja ndani ya lifti nikamuuliza kama anaiuza. Alinitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, maana tulikuwa tumepanda lifti ile pamoja mwaka mzima bila kusemezana. Kisha akasema magoti yake hayaiwezi tena, niichukue tu. Wiki ile ile akanigongea mlango, akanikabidhi ufunguo na hati, akanipa mkono. Baada ya hapo tukarudi kwenye ukimya wetu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kitu. Huko pikipiki ni kitu cha kiangazi. Theluji ikikaribia, watu huzitoa betri, huzifunika na kuzisahau mpaka mwezi wa nne. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Kazi yangu ilikuwa kusafisha ndege uwanjani Arlanda, kuokota magazeti na makombo ya wasafiri kabla abiria wengine hawajapanda. Niliingia alfajiri, nikatoka mchana, na saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia. Muda uliobaki ulikuwa mrefu na sikuwa na mtu wa kuumaliza naye.

Nilikuwa na mke, lakini alikuwa Bukavu.

Tulikutana kwa sababu ya pikipiki. Kabla ya vita nilikuwa napeleka dawa kwenye vituo vya afya vya milimani, na yeye alikuwa mkunga kwenye kituo cha mwisho kabisa, mahali ambapo barabara ilikuwa inageuka njia ya mbuzi. Alikuwa anasaini kupokea makatoni, halafu ananiambia nisubiri, naye anashuka nami mjini kununua sabuni na mafuta ya taa. Alikaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika mkanda wangu. Tulipooana aliendelea kukaa hivyo hivyo. Vita vilipotutenganisha, mimi nikakimbilia upande mmoja wa mpaka, yeye mwingine. Kambi, mahojiano, ndege, Uswidi. Nilipompata tena kwa simu, alikuwa amesharudi kwenye kazi yake. Miaka ikapita tukiwa watu wa kuongea kwa kadi za simu, Jumapili kwa Jumapili, hadi vuli ile ruhusa yake ya kuja kuishi nami ilipotoka. Akasema atamaliza mambo ya kazi, atakuja baridi ikiisha.

Kwa hiyo nilijua kabisa pikipiki ile naitaka iwe nini. Ilivyokuwa ilikuwa ya mtu mmoja mwenye haraka: usukani umeinama chini, kiti cha nyuma kidogo kama kitabu. Mimi nilitaka kiti kirefu kilicholala sawa, cha kukaa watu wawili bila kusukumana, vikanyagio vya abiria vilivyo chini vya kutosha goti lisichoke, chuma cha kushikia nyuma, na usukani ulioinuka ili niendeshe nimenyooka kama nilivyozoea.

Taa za gereji zilikuwa zinajizima zenyewe kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nafungua nati, giza linaniangukia, nanyanyuka napapasa ukuta mpaka kwenye swichi, narudi, naitafuta nati sakafuni. Mwanzo nilikasirika. Baadaye nikazoea, hata nikawa nasubiri gizani kidogo kabla ya kunyanyuka, nikisikiliza mabomba ya maji ya moto yakipita juu ya kichwa changu kwenda kwenye nyumba za watu.

Kuchomelea kulikatazwa mle ndani, basi kipande cha nyuma cha fremu nikakifunga shuka na kupanda nacho treni hadi Upplands Väsby, kwa fundi mmoja wa vyuma. Treni ilijaa. Nilikaa na lile furushi magotini, na kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu safari nzima, ingawa watu walikuwa wamesimama. Fundi akaongeza bomba mbili kama nilivyomchorea, hakuuliza ni za nini. Nilitamani aulize.

Tangi nililipiga msasa jikoni. Rangi haikauki kwenye baridi, kwa hiyo nililipaka bafuni, limening'inia kwa waya kwenye bomba la kuogea, na kwa siku kadhaa nikawa naoga kwa ndoo huku likinitazama, jekundu kama nyanya iliyoiva. Kabureta niliifungua juu ya meza ya kulia. Nyumba nzima ilinuka petroli. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyeingia.

Mtu pekee pale jengoni aliyejua nafanya nini ni mama mmoja Mrundi, mjane, aliyekaa ghorofa ya juu yangu na binti yake na wajukuu waliokuwa wakimjibu kwa Kiswidi kila alipowasemesha. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa anashona sare za kwaya ya kanisa lake, nikamuuliza kama cherehani yake inaweza kutoboa ngozi.

"Ngozi ya nini?"

"Ya kiti cha pikipiki, mama. Cha mke wangu."

Alifurahi. Akasema ana sofa kuukuu ya ngozi ambayo mkwe wake alitaka kuitupa. Akachukua utepe wa kupimia, akaniuliza, "Ana mwili gani? Mnene ao mwembamba?"

"Alikuwa mwembamba."

"Sikuulizi alikuwa. Nauliza sasa."

"Sasa sijui, mama."

Akanitazama, utepe ukiwa unaning'inia shingoni. Hakucheka. "Basi nitakiweka kipana," akasema. "Akiwa mwembamba, atakaa yeye na mkoba wake."

Simu ile ilikuja mwezi wa pili, Jumapili alasiri. Kwa kawaida mimi ndiye niliyepiga. Siku hiyo alinibipu, nikampigia. Kabureta ilikuwa mezani, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti. Nikaanza kumweleza kwamba rangi imeshika vizuri, akanikatiza.

"Nimefikiri sana. Sitakuja."

Nikadhani simu imemeza maneno. "Hutakuja mwezi wa nne?"

"Sitakuja kabisa."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga kitu. Alikuwa nje, pengine uani kwa mama yake.

"Hapa mwanamke akishikwa na uchungu, wananiita mimi," akasema. "Hata wale wasionipenda wananiita. Huko nitakuwa nani?"

"Utajifunza lugha. Utasoma tena."

"Wewe umejifunza lugha. Unafanya kazi gani?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nikamwambia anajua kazi yangu.

"Naijua. Na wewe ulikuwa mtu ambaye vituo saba vilikuwa vinamsubiri."

"Ungenieleza kabla ruhusa haijatoka."

"Kabla haijatoka nilikuwa naitaka. Ilipotoka ndipo nikaona naiogopa. Rudi wewe."

"Unajua siwezi kurudi. Karatasi zangu za ukimbizi haziruhusu."

"Najua," akasema. "Lakini nilipaswa kusema."

Sauti ya yule mwanamke aliyerekodiwa kwenye kadi ya simu ikaingia kati yetu, kwa Kiingereza, ikituambia dakika iliyobaki ni moja. Hiyo dakika tuliitumia kuulizana hali ya wazazi na kikohozi changu. Kisha ikakatika.

Nilibaki nimekaa mezani. Baada ya muda nikaona mikono yangu inaunganisha kabureta. Jeti, boya, gasketi, skrubu nne. Sikumbuki kuamua kufanya hivyo. Nilipomaliza nikaiviringisha kwenye gazeti, nikaiweka kabatini pamoja na sufuria, na kwa wiki kadhaa sikushuka gerejini. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala. Kazini nilikuwa naikunja mikanda ya viti ikae kwa kupishana kama tulivyofundishwa, safu baada ya safu, na nilipofika nyuma ya ndege nilikuwa sijafikiria chochote.

Mama wa juu ndiye aliyekuja kubisha. Alikuwa amekibeba kiti kifuani kama mtoto, ngozi ya kahawia, mshono maradufu pembeni, uzi wa manjano.

"Umepotea," akasema. "Jaribu kama kinakaa."

Nikamwambia haji. Sikumwambia kwa urefu. Mama aliingia, akakaa kwenye kiti changu cha jikoni, kile cha pikipiki akakipakata. Akawa anaupapasa mshono kwa kidole gumba.

"Amekosea?" hatimaye akauliza.

"Hapana."

"Na wewe?"

"Sidhani, mama."

"Ndiyo maana inauma hivi." Akanyanyuka, akakilaza kiti mezani. "Haya, kakifunge. Mimi nimeshona, sifumui. Na ngozi ya sofa imeisha."

Nikashuka siku iliyofuata. Theluji ilipoyeyuka na kokoto zilizomwagwa barabarani wakati wa baridi watu wasiteleze zikafagiliwa, pikipiki ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake. Iliwaka mara ya tano. Mlio wake ulijaa gereji yote, na taa zilipozimika sikwenda kwenye swichi, kwa sababu taa yake yenyewe ilikuwa inamulika ukuta.

Kwenye kituo cha ukaguzi wa magari kijana mwenye ovaroli aliizunguka, akapiga magoti, akaangalia zile bomba mbili zilizochomelewa, akazitikisa kwa nguvu. Akapima kiti.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Mimi na jirani."

"Ni kwa watu wawili?"

Nikakiangalia kile kiti mpaka akainua macho. "Ndiyo," nikasema. "Watu wawili."

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama wa juu. Alidai nimpeleke kanisani kwao Upplands Väsby, akavaa suruali ya mkwe wake ndani ya kitenge, helmeti ikamkaa kama sufuria. Alinibana mbavu njia nzima akisali kwa Kirundi. Waumini wenzake walitoka nje kumpokea huku wakishangilia na kupiga vigelegele, naye akashuka kwa madaha kama mke wa rais. Nilicheka siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Waliingia kuimba, mimi nikabaki uwanjani kidogo, kisha nikaondoka.

Sikuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo nilipita mjini nikaendelea mashariki, nikaipita Fisksätra na maghorofa yake, mpaka nilipoanza kuona maji kati ya misonobari. Na huko ndiko lilikotokea jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mtu wa pikipiki alikuja upande wa pili, na alipokaribia akainua mkono wa kushoto. Nikadhani ananionya kuhusu polisi. Akaja wa pili, naye akainua. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe zinazopepea chini ya helmeti. Ndipo nikaelewa kwamba wananisalimia. Miaka yote ile ndani ya treni hakuna aliyewahi kunisalimia bila kunijua. Wa nne nilimwahi, nikainua mkono mimi kwanza.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikampigia mke wangu. Bado nilikuwa namwita hivyo, na niliendelea hadi tulipoachana kisheria, kwa upole, miaka miwili baadaye. Nikamwambia hapa wenye pikipiki wanasalimiana barabarani, kila mmoja, hata kama hawajuani.

"Kweli?" akasema. "Na wewe wanakusalimia?"

"Na mimi."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Akaniuliza rangi gani nilipaka mwishowe, nikamwambia nyekundu. Alianza kusema kitu, halafu nikasikia mtu akimwita kwa haraka, sauti ya kike, ikimwambia chupa ya uzazi imeshapasuka.

"Subiri kidogo," akaniambia.

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, viatu vyake vikienda mbio, mlango. Nikasubiri, nimeegemea tangi lililokuwa bado na joto, nikisikiliza chumba kile kilichokuwa mbali sana, hadi kadi ilipoisha.