Mbao Zilizotoka kwa Wingi

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa nchini, nilikuwa mtumishi wa ofisi ya mipango Mbeya. Mkuu wangu alichoka kusubiri takwimu zinazofika wakati mambo yameshapita.

"Tutafute dalili zinazotangulia," aliniambia. "Tujue mapema kama uchumi utakua, kama bei zitapanda."

Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Busale, wilaya ya Kyela ikawa yangu kuichunguza.

Basi kila mwezi niliteremka. Nilitazama foleni ya malori mpakani Kasumulu, nikauliza bei ya mchele sokoni, na kwenye maduka ya vifaa nikauliza habari za mbao na misumari. Mtu hanunui mbao kama hajengi, na anayejenga ana matumaini, ndivyo tulivyoamini. Mbao zilikuwa zikitoka kuliko kitu kingine chochote. Mkuu wangu alifurahi, akaanza kuandaa taarifa kwamba Kyela inainuka.

Kabla hajaimaliza, nikaletewa habari kwamba mama yangu mdogo amefariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, ugonjwa ambao nyumbani hatukuutaja kwa jina. Nilipofika Busale, baba mdogo alinituma mjini pamoja na fundi seremala kutafuta mbao za jeneza. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alishazoea maswali yangu ya kila mwezi. Safari hii alitoka nyuma ya kaunta, akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu. Mbao zimebaki chache. Asubuhi wamechukua watu wa Itungi."

"Na wao wamefiwa?"

"Wamefiwa."

Nikatazama ukutani. Mabati yalikuwa yameegemezwa palepale nilipoyaona safari zilizopita, yameshika vumbi. Nikamwuliza kama bawaba na vitasa vinanunuliwa. Akatikisa kichwa. Fundi akasema tangu mvua zianze hajatengeneza mlango hata mmoja. Tulibeba mbao, na kesho yake tukamzika mama mdogo.

Niliporudi ofisini nilimweleza mkuu wangu kwamba mbao zinanunuliwa kwa majeneza, si kwa nyumba. Aliiweka kalamu juu ya ile taarifa.

"Mdogo wangu nimemzika mwaka huu huu," alisema. "Mbao za jeneza lake nilizinunua mwenyewe. Na bado sikuwaza."

"Sasa tuandikeje?"

"Andika tunachokijua. Wanaolima wanakufa. Mpunga utapungua, mchele utapanda bei."

Tuliandika hivyo, tukapeleka juu. Hatukujibiwa. Msimu uliofuata majaruba mengi ya mpunga kule Busale yaliota nyasi, na mchele ukapanda bei mpaka Mbeya mjini watu wakalalamika. Wenzangu ofisini walinipongeza kwa kubashiri vizuri.

Niliomba likizo, nikaenda kumsaidia baba mdogo kuvuna kile kipande alichoweza kupanda. Alikuwa amekonda, na mara kwa mara alisimama kupumzika. Siku ya kuondoka alinifungia mchele mpya. Nikakataa. Nilimwambia autunze, maana bei bado itapanda.

"Chukua," alisema. "Mama yako mdogo asingekuacha uondoke mikono mitupu."

"Ndaga, baba," nikamshukuru, nikaupokea.