Ushuhuda Niliotoa kwa Macho ya Mke Wangu

Mhubiri aliponisogezea kipaza sauti, ningeweza kutikisa kichwa tu, yakaisha. Alikuwa amemwekea mke wangu mikono machoni na kumwombea, kisha akamtaka aliambie kanisa Bwana amemtendea nini. Mke wangu alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua pembe ya leso yake. Mhubiri akanigeukia mimi. Nilikuwa mzee wa kanisa, pale mtaani kwetu Tudor wote wananijua, na kimya kile kilinitia haya. Nikakipokea kipaza sauti, nikasema mke wangu ameponywa. Nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba kuanzia siku hiyo dawa tumeziacha.

Watu walisimama wakapiga vigelegele. Vijana walikuwa wakinirekodi kwa simu, na kabla hatujafika nyumbani jirani alikuwa ameshaniona nikishuhudia.

Mke wangu alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa ametueleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba yale matone ya asubuhi na jioni hayaponyi. Yanazuia tu ugonjwa usiendelee, na atayatia maisha yake yote. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikafanya ukarani bandarini mpaka nikastaafu. Nilimwelewa daktari. Siwezi kusema kwamba nilidanganywa.

Jioni ile aliniambia haoni tofauti yoyote. Nikamjibu kwamba imani haingojei macho. Siku zile maneno yangu yalinipendeza sana.

Kwetu ushuhuda haurudishwi. Mtu akishamshukuru Mungu mbele ya watu, kuonekana tena kwenye foleni ya dawa ni kama kusema Mungu hakufanya kitu. Na foleni ya kliniki ya macho tuliyokuwa tukienda, nusu yake ni watu wa kanisa letu. Mngekutana hapo, mkasalimiana, mkaulizana mmekuja kufanya nini. Basi chupa ya matone ikakaa kabatini mpaka muda wake ukapita.

Mke wangu alikuwa akishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye matundu madogo yanayozungushiwa uzi. Alijifunza kwa wanawake wa Mji wa Kale tulipokuja Mombasa kutoka bara, tukiwa bado vijana, na akashona vizuri hata mwenye duka mmoja kule akawa anazinunua kofia zake na kuzipanga kwenye kioo. Kanisani walimtania kwamba yeye ndiye Mkristo anayewavisha Waislamu Idi. Alikuwa akicheka na kujibu kwamba sindano haina dini.

Ugonjwa ule hula macho kuanzia pembeni. Kwanza alianza kugonga bega mlangoni. Kisha, tulipokuwa tukipita vichochoro vya Mji wa Kale, tuktuk ikatokea ubavuni mwake na hakuiona mpaka nilipomvuta mkono. Tukasimama kando ya ukuta, anahema. Akaniambia polepole, "Baba, nipeleke hata hospitali ya Likoni. Huko hatujulikani."

Nikamwambia tusimwaibishe Mungu.

"Mungu, au wewe?"

Tulitembea mpaka dukani kimya, na sisi tulikuwa watu wa kuzungumza njiani.

Baada ya hapo hakuniomba tena. Nilidhani amekubali.

Aliyenifumbua macho alikuwa yule mwenye duka. Siku moja nilikwenda peke yangu kumpelekea kofia. Akaniketisha, akaagiza kahawa, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, kama ilivyo ada ya watu wa Mji wa Kale. Ndipo akaigeuza kofia kwenye mwanga. "Niwie radhi, mzee wangu," akasema. "Mkono wa mama ni ule ule, lakini matundu hayafuatani. Mpeleke akatazamwe macho." Kofia ile akailipia, na akaiweka chini ya meza, si kwenye kioo pamoja na nyingine.

Nilimpeleka wiki ile ile, kliniki ile ile, na watu wa kanisa wakatuona. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki ni kidogo mno. Hakutugombeza. Aliuliza tu matone yaliachwa lini, na mke wangu akaniachia mimi nijibu.

Siku hizi nasoma sana habari ya yule kipofu aliyeletwa kwa Yesu kule Bethsaida. Baada ya kuguswa aliulizwa kama anaona, naye akasema kweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono mara ya pili. Nimeifundisha habari ile miaka mingi bila kuona kwamba yule mtu aliulizwa, wala hakusemewa na mtu. Mke wangu naye alikuwa amejibu, kwa kunyamaza, na jibu lake lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyelifunika.

Nilimwendea mchungaji wetu nikamwomba nisimame niseme yaliyotokea. Akasema nitawavunja moyo walio wachanga. Nikakubali tena, safari hii kwa uchovu, si kwa haya. Ile video ingali inatumwa. Kuna watu huniletea wagonjwa wao niwaeleze tulivyofanya, na mimi huwaambia waende hospitali, nao huondoka wamenuna.

Jioni humsomea mke wangu Biblia. Nikifika penye kuponywa kwa vipofu, yeye hunyoosha mkono na kusema, "Hapo ruka." Naruka.

Yeye nilimpotezea macho. Mimi nilimpoteza yeye. Tunaishi nyumba moja, ananijibu kwa upole kila ninachomuuliza, lakini akihitaji kitu humwita jirani, na sala ya usiku tuliyosali pamoja tangu tuoane, sasa yeye huisali peke yake akiwa ameelekea ukutani.