Mfupa Hushikwa na Watu Wawili

Binti yangu Fumika hutunga hadithi za gemu, ile michezo ya kwenye runinga. Hapa mtaani kwetu Fushimi watu hawakuielewa kazi hiyo. Hata mimi ilinichukua miaka. Mimi ni fundi wa kupiga lipu. Shule niliiacha mapema, nikashika mwiko. Siku moja kwenye bafu la mtaa, jirani yangu Kuroiwa aliniuliza mbele za watu kama ni kweli mwanamke wa miaka thelathini na tisa bado anacheza.

"Hachezi," nikamwambia. "Wanaocheza ni wajukuu zako. Yeye ndiye anayewaliza."

Kuroiwa alijizamisha mpaka kidevuni, akaanza habari za bei ya mchele.

Fumika alipokuwa na miaka kumi nilimkuta analia mbele ya runinga. Mtu mmoja ndani ya gemu, mwenzake wa safari, alikuwa amekufa. Nilikwenda kuizima. Mama yake, Hatsue, akanishika mkono.

"Mwache. Ameishi na mtu huyo mwezi mzima."

Sikuizima. Mtoto alilia mpaka akamaliza, akanawa uso, akala wali wake. Baadaye akasoma, akapata kazi katika kampuni ndogo mjini Kyoto, orofa ya tatu. Miaka ya kwanza aliandika maneno ya watu wa pembeni tu, mwuza samaki, mlinzi wa lango, kila mmoja sentensi moja. Aliniambia aliwapa wote majina, ingawa hakuna aliyemwomba.

Hatsue alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili. Sina mengi ya kusema kuhusu hilo.

Mwaka uliofuata Fumika alipewa hadithi nzima aitunge peke yake. Ni ya dada na kaka. Mama yao ni mvushaji wa mtoni. Kaka aliwakimbia zamani, dada akabaki kupiga kasia na mama. Anayecheza ndiye dada. Anavusha watu, anapigana na majambazi, anampikia mama, na kaka akirudi wanagombana kila siku. Mwishoni mama anakufa.

Kwetu maiti akishachomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti na kuitia mtungini. Huanzia miguuni kwenda juu, marehemu asije akakaa kichwa chini. Mfupa wa koo huwa wa mwisho. Na kila mfupa hushikwa na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja na vijiti vyake. Fumika alitaka jambo hilo lifanywe na mchezaji mwenyewe, kwa mikono yake. Dada upande huu, kaka upande ule, bila neno hata moja.

Mkubwa wake, Bwana Sugimori, hakutaka. Alisema watu hawanunui gemu ili waende kuzika. Fumika akamjibu kwamba wameshazika majambazi mia tatu njiani na hakuna aliyelalamika. Basi wakakubaliana kuijaribu. Huwa wanawaita watu wa nje, wanawapa gemu, wanakaa nyuma yao na kuandika.

Waliitwa sita. Wanne waliangusha mfupa mpaka wakachoka. Mmoja aliuliza kama mashine imeharibika. Sugimori akatoa hukumu: pale pawe picha ya kutazamwa tu, mchezaji aweke mikono magotini. Hata hivyo akampa Fumika mpaka Ijumaa airekebishe. Kama siku hiyo bado haikufaa, itawekwa picha.

Jumapili alikuja nyumbani kama kawaida yake. Aliwasha ubani mbele ya picha ya mama yake, akaweka wali. Kisha akafunga mashine yake kwenye runinga yangu, akanipa pedi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili. Akanionyesha kitufe cha kubana vijiti na cha kuinua.

Mfupa wangu ulianguka. Nikarudia, kaka akatangulia kuinua, ukaanguka. Mara ya tatu nikaweka pedi chini.

"Huyu kaka yako ana haraka ya kwenda wapi?"

Fumika alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza nina maana gani.

Mimi si mtu wa kueleza. Lakini nilimwambia. Siku ya mama yake tulisimama hivi, yeye ng'ambo, mimi huku. Mfupa wa kwanza ulikuwa wa mguu. Mkono wangu ulitetemeka, vijiti vikawa vinagongana. Yeye hakuniangalia. Alivishika vyake palepale, akangoja. Nilipotulia, tukainua. Kila nilipotetemeka tena alisimama tena.

"Ulinisubiri," nikasema. "Huyu hamsubiri mtu."

Akaichukua pedi, akamtazama kaka akiinua. Alikuwa amempa kaka mwendo mmoja tu, kama saa ya ukutani, mchezaji amfuate. Kumbe watu hawakushindwa kwa sababu ni wazembe. Walikuwa wameachwa peke yao.

"Baba, chai nitakunywa siku nyingine," akasema, akaichomoa mashine yake na kuondoka na viatu havijakaa vizuri miguuni.

Siku tatu hakupiga simu. Alhamisi jioni akaniambia nije kesho, Sugimori amekubali nikae nyuma.

Ijumaa waliita watu watatu. Wawili wa kwanza waliinua mifupa yote, mmoja akafuta macho kwa mkono wa shati. Sugimori alisema wote wawili ni watu wapole, hata barua ya benki ingewaliza. Akamngoja wa tatu.

Wa tatu alikuwa kijana mnene mwenye nywele za rangi ya chungwa, anayepeleka vyakula kwa pikipiki. Alipigana na majambazi huku akiwatukana wazazi wao. Alimsonya kaka kila alipofungua mdomo. Nikamtazama Fumika. Alikuwa amekunja mikono, kucha zimeingia katika nyama.

Mama akafa. Ikaja mifupa.

Kijana alibonyeza haraka. Kaka akaurudisha mfupa chini polepole, akaacha vijiti vyake hapohapo, wazi. Kijana akabonyeza haraka tena. Ikawa vilevile. Mara ya tatu akaenda taratibu, na vijiti vya kaka vikaenda taratibu naye. Akasimama kidogo, kama anajaribu. Kaka akasimama. Akainua, wakainua.

Mgongo wa yule kijana ukanyooka. Hakumsonya mtu tena. Miguu, mbavu, mikono. Mfupa wa koo aliuinua kama mtu anayebeba yai. Kisha ukabaki mtungi tu, na alama ya kitufe kimoja chini yake.

Hakubonyeza.

"Nikibonyeza hapa," akauliza bila kugeuka, "unafunikwa?"

"Ndiyo," Fumika akasema.

"Basi nisubirini kidogo."

Tukamsubiri. Sugimori aliangalia saa, akaushusha mkono. Kijana alikaa na pedi mapajani, akitazama mtungi wa mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Halafu akaweka viganja pamoja, akainamisha kichwa, akabonyeza. Akauliza choo kiko wapi.

Sugimori alikusanya karatasi zake. Akamwambia Fumika, "Usiiguse tena."

Katika kazi yangu maneno hayo nayajua. Nilifanya kazi chini ya bwana wangu miaka kumi na mmoja, nikayasikia mara mbili. Ukuta ukisemwa hivyo umekamilika, hata mwiko unauficha, usije ukashawishika kuupitia tena.

Fumika alimwinamia mkubwa wake. Alichukua koti lake, akasema twende tukale tambi. Ngazini nilimwacha atangulie. Akadhani ni magoti, akaniuliza kama yananiuma.

Nikamwambia aendelee tu kutembea. Nilitaka kumtazama.