Maji ya Ubao

Niliondoka nyumbani Kinango kwa sababu mama yangu hakutaka kuzikwa na kitu cha mtu. Kitu chenyewe ni ubao wa mti mgumu wa msaji, urefu wake kama mkono wangu, umechongwa maua ukingoni na mistari mitatu ya maandishi ya Kiarabu katikati. Uliletwa na babu Mwero, baba yake mama, aliyekuwa seremala katika nyumba ya Mwarabu mmoja huko Msambweni. Babu alifariki mama akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakuna aliyebaki kueleza ubao ulitokaje kwa tajiri yake huyo ukaingia kwake. Watu wakikosa maelezo hujitungia. Walisema aliuiba.

Mimi ni Mkristo, mama ana ndugu wa dini zote, lakini kuhusu ubao ule hatukubishana. Maandishi ya Kiarabu ni Kurani, basi. Ulitundikwa juu ukafunikwa leso, na kwa aibu ya wizi haukuonyeshwa mgeni wa kuusoma; mtoto akishikwa na homa, mama aliumwagia maji, akayakinga kwa bakuli, akamnywesha, kama majirani Waislamu walivyofanya na kombe lao, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Nimeyanywa mara nyingi, yana ladha ya moshi. Yeye mwenyewe hakuyanywa hata siku moja, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mwaka huu, miguu ilipoanza kumtupa, aliniita kando ya kitanda.

"Kaurudishe kwa wenyewe," alisema. "Na radhi uiombe kwa jina langu, si kwa jina lako."

Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Msambweni, aliniambia kuwa mjukuu wa yule tajiri, Bwana Nasoro, bado anakaa katika nyumba ileile na ameijaza vitu vya kale vya Waarabu. Nilimpigia simu kuomba kuviona. Habari ya ubao sikuitaja. Nilishindwa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipata lifti katika pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi. Nilikaa mbele, ubao mapajani ndani ya leso yake, maana kitu kitakatifu hakiwekwi miguuni. Tulipofika Kwale, mapaja yalikuwa yamekufa ganzi, na mwenye mbuzi alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama nimebeba jeneza la paka.

Kombani nilishuka kungoja gari la kusini. Mama mmoja muuza chai, mtu wa bara, alinitazama nikihangaika.

"Madam, si uweke hiyo kitu chini unywe chai? Hakuna mtu ataichukua."

"Hakiwekwi chini, dada."

"Basi kunywa hivyo hivyo."

Nikanywa nimesimama, ubao kwapani, chai ikinichuruzika kiwikoni. Alicheka, kisha akanishikia kikombe. Sijui jina lake na bado namshukuru.

Saa nne na nusu nilibisha hodi Msambweni. Nyumba ni ya mawe, nyuma kidogo ya barabara kuu. Alinipokea Bi Zuwena, mke wa Bwana Nasoro, akaninyunyizia marashi viganjani kabla hata sijavua viatu. Mumewe, mzee mwembamba mwenye kofia, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, karibu sana. Safari njema?"

"Njema, alhamdulillahi," nikasema, Mkristo mimi, maana ulimi ukifika pwani husalimu kipwani.

Walinikirimu kahawa ya tangawizi na halwa, ndipo nikaonyeshwa chumba. Kulikuwa na madele ya shaba ya kupikia kahawa, vyetezo vya kufukizia udi, jambia katika ala ya fedha, misahafu ya kuandikwa kwa mkono. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi chake: kimetoka mji gani, kimeletwa na nani. Bwana Nasoro alivigusa kama mtu anayewahesabu wanawe kabla ya kulala.

"Huku naitwa Mwarabu," alisema. "Nilipokwenda Maskati, wakaniita Mswahili. Basi nikiulizwa mimi ni nani, naviachia hivi vinijibie."

Mwisho wa chumba palikuwa na kasha kubwa. Kikaratasi kilisema limetoka Maskati. Niliinama kuyatazama maua yaliyochongwa ubavuni, nikahesabu petali zake. Kila ua lilikuwa na petali saba, si nane, na moja kati ya hizo ilikuwa nene kuliko nyingine. Maua hayo nimeyatazama tangu utotoni, nikiwa na homa.

Nikaufunua ubao. Nikaeleza yote, mpaka neno wizi, na radhi nikaiomba kwa jina la mama kama nilivyotumwa.

Bwana Nasoro alivaa miwani. Alisoma kimyakimya, akamwita mkewe, naye akasoma. Wakatazamana.

"Mwalimu," alisema, "hii si Kurani. Wala si Kiarabu."

"Si Kiarabu?"

"Herufi ndizo za Kiarabu. Maneno ni Kiswahili, ndivyo wazee walivyoandika. Na huu ni mwandiko wa babu yangu, naujua. Sikiliza." Akapitisha kidole kutoka kulia. "Ubao huu ni wa Mwero fundi. Mimi nimeuandika, yeye ameuchonga. Ni wake na wa wanawe, asiulizwe."

Niliketi palepale sakafuni. Nililia, wala sikuona haya. Bi Zuwena aliketi nami akanishika bega.

Bwana Nasoro alikuwa amerudi kwenye kasha, anayahesabu maua. "Babu alizoea kusema, hili ni kasha la kwetu," alisema taratibu. "Mimi nikadhani kwetu ni Maskati." Akabandua kikaratasi, akachukua kalamu, akaniuliza jina la baba yake Mwero. Ni Munga. Akaandika: Kazi ya Mwero wa Munga, Msambweni.

Macho yake yalirudi kwenye ubao, nikajua anautamani. Mahali pake palikuwa wazi kabisa, juu ya kasha. Nikamwambia kwamba mimi nilikuja kuurudisha.

"Babu ameshaandika ni wa nani," alijibu. "Mimi ni nani nimpinge?" Akaufunga kwa leso kwa mikono yake mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa Kinango, ubao mapajani safari nzima, ingawa sasa nilijua ningeweza kuuweka chini. Njiani niliwaza jinsi tulivyoiheshimu miaka yote hati ya kututetea bila kuisoma. Tangu siku ile, kitu nisichoweza kukisoma namtafuta mwenye kukisoma, kabla sijakiogopa.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akanitaka niyarudie maneno, nikayarudia.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakunywa jina la baba."

"Ndiyo, mama."

"Na mlikuwa mnapona."

"Tulikuwa tunapona."

Akajivuta, akaegemea ukuta, akaunyoosha mkono kuelekea jikoni.

"Basi lete bakuli," alisema. "Na mimi ninywe."