Alinituma Nifukize Seva, Kisha Akanikana

Admin nifichie jina. Mie skuli sikusoma, nimesema kwa sauti kwenye simu, andika kama nilivotoa. Usinipambe, uzuri ninao tayari.

Kwanza, kisa hichi nyote mnakihadithia vibaya. Wete wanasema mzee mlinzi kaunguza mashine ya ofisi. Wingwi wanasema nilikuwa natoa jini. Makangale, Mungu awasamehe watu wale, wanasema nilikuwa nachoma pweza. Hakuna mwenye ukweli ila mie, maana chetezo cha udi kilikuwa mkononi mwangu.

Miaka sabini imeshanipita na meno yaloondoka ni mawili tu, na hayo niliyapa ruhusa. Ni mlinzi wa ofisi moja hapa Wete, yenye makaratasi hata panya wamechoka. Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu hajajua kufunga kikoi. Tumwite Hamadi, silo jina lake. Kasoma kompyuta mpaka zinamuogopa. Ofisi ilipoamua kuweka programu ya kutafutia, ile ukiandika jina inapekua mafaili yote ikuletee unalotaka, kazi akapewa yeye. Mie nikatembea soko zima kifua mbele, hata asoniuliza nilimwambia.

Sasa programu ile haiwekwi hivi hivi. Lazima seva, ile mashine kubwa ya kuibeba, itayarishwe kwanza, na seva yenyewe ni ya Unix, haina picha wala urembo, ni maandishi tu kwenye kiza. Mie nilikuwa nakaa na ufunguo mlangoni, Hamadi ananieleza huku anabofya. Ati programu itengewe sehemu yake kwenye diski. Ipewe jina lake la kuingilia, isitumie la yule mkubwa mwenye amri ya mashine nzima, maana siku ikikosea itavunja nyumba yote. Ati mashine iruhusiwe kufungua mafaili mengi kwa pamoja, na ifunguliwe mlango wake wa mtandao. Nikamwambia, "Kumbe huyu mwari. Kapewa chumba chake, kapewa somo wa kumfunda, kilobaki singo ya kumsugua." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini kazi ikamkataa. Kila akifika kwenye kugawa diski inakwama, anaanza upya. Watu wa ofisini wakaanza kunong'ona kwamba kijana hawezi. Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, akanijia mlangoni kanyong'onyea. Hakuwa anacheka tena. Akanambia, "Ami, mashine hii imepigwa jicho. Niletee chetezo, uifukize uisomee dua." Nikamuuliza kama moshi hauna madhara mle ndani. Akasema moshi kidogo tu, yeye yupo.

Basi nikaleta udi wa arusi ya binti yangu, udi wa maana, si huo wenu wa kupoteza harufu ya samaki. Nikaizunguka seva nikisoma, yeye kaitikia amina, na vidole vyake vikaendelea na kazi. Wallahi diski ikaanza kugawika. Tukatazamana kwa furaha. Hapo kidude cha darini kinachonusa moshi kikapiga kelele, umeme wa chumba kizima ukajikata, seva ikazimika katikati ya kazi. Matayarisho yote yakaharibika.

Bi Mkubwa wa ofisi akaja mbio na watu nyuma yake. Akauliza, "Nani kaingiza moto humu?"

Mie nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme sisi. Hamadi akanitangulia. "Ami huyu. Nilimkataza, kaingia mwenyewe. Mnajua tena wazee."

Mnajua tena wazee. Mtoto nilomwosha kamasi. Akanitazama machoni, machozi yamemlenga, kama anayenambia ami nistiri. Kwa macho yale nikaubeba mzigo. Nikasema ndiyo, ni ujinga wangu.

Wakaninyang'anya ufunguo, wakanipeleka getini kwenye jua. Hamadi akaanza upya, safari hii ikakubali, programu inatafuta mpaka leo na yeye anasifiwa. Mie sokoni naitwa Mzee Udi. Nami nacheka nao, mie tena, siwezi kushindwa mzaha na wauza ndizi. Lakini nikifika nyumbani kicheko kinaniishia kizingitini.

Sasa juzi kaja, kakaa chini kwa adabu, anataka nimpelekee posa Wingwi. Baba yake hayupo, mkubwa wake ni mie tu. Nisipokwenda, wale watauliza ami yake yuko wapi, na posa itarudi. Nikienda, baba wa binti namjua, tumekua pamoja, na ataniuliza mbele ya wazee kama tunavoulizana siku zote: kijana huyu mkweli, ana amana? Kwa neno langu atamtoa binti yake.

Nikamwambia Hamadi aende kwanza kwa Bi Mkubwa akaseme nani aliagiza chetezo, kisha twende Wingwi hata kesho. Akanijibu, "Ami, hilo si limeshapita? Watu wenyewe wanacheka tu."

Nampenda, na ndiyo maana inaniuma. Nyie wenye watoto wa kulea, niambieni. Niende nikamshuhudie uongo kwa rafiki yangu, au nikae nyumbani nimvunjie arusi mtoto wa kaka yangu? Msinitukanie kijana, hilo naliweza mwenyewe.

Na kwa vile nimewaambia nyie wote mnakihadithia vibaya, basi na mie nitoe langu. Yote ni kweli ila pahala pamoja. Yale macho yenye machozi nimetia mwenyewe, nimekuwa nikiyatia kila nikihadithia. Siku ile Hamadi hakunitazama. Alikuwa anaitazama seva.