Kaseti ya Kumlaza Mtoto

Tangu mambo ya biashara yawe ruksa, madukani hakukosekani kitu. Jumamosi mimi na mke wangu tulimbeba mtoto wetu mchanga hadi duka moja la redio pale Sokon I, kutafuta kaseti ya muziki wa kulaza watoto.

"Bibi yake anamwimbia Kimeru na analala," mke wangu alinung'unika. Nikamjibu kisomi kwamba dunia imebadilika.

Kwetu mtu hanunui hata balbu bila kuwashiwa. "Ijaribu kwanza," nikamwambia muuzaji, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kutapeliwa. "Na usiizime mpaka mtoto alale."

Kinanda kikaanza, polepole. Mtoto akayakodolea macho mataa ya redio. Mimi nikakaa juu ya boksi la televisheni, nikakunja mikono, nikasubiri.

Nilichosikia baadaye ni vicheko. Wateja walikuwa wamenizunguka, mate yamenichuruzika hadi kwenye tai. Mtoto alikuwa ananitazama, macho makavu kabisa.

"Mzee, kaseti ni nzima," muuzaji akasema. "Nikufungie?"

"Mfungie," mke wangu akadakia. "Ya baba tumeipata. Sasa tutafutie ya mtoto."