Elfu Sabini Haina Baki

Sikilizeni, wajukuu. Juzi mlipohesabu tahalili za marehemu babu yenu kwa simu, mkapotelewa na hesabu, mkataka tukadirie, niliikumbuka Chaani, kijiji nilikokulia.

Nilikuwa mtoto; wanawake saba walikuwa wakimsomea marehemu babu yangu tahalili elfu sabini za "La ilaha illallah", kila mmoja elfu kumi, wakihesabu kwa kokwa za tende. Chumba kilinuka ubani. Nami nilikuwa nimeficha kokwa moja mdomoni, tamu bado.

"Kwangu imepungua kokwa moja," alisema shangazi. "Elfu sabini hugawika kwa saba pasi na baki. Ikipungua, haigawiki."

Nilidhani babu ndiye atakayekuwa baki, aachwe nje ya pepo. Nikaitema, nikilia.

"Ewe mwana, wamla babuyo!" Shangazi akanikemea, akaanza kuhesabu upya.

Leo najua Mungu hafungi mlango kwa kokwa. Hata hivyo juzi niliwaamuru: "Zimeni simu. Tuanze moja."